Karani Aliyehesabu Dakika za Kesi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mimi ni dada wa marehemu, mkubwa wake kwa miaka sita, fundi cherehani, na historia hii ninaisoma mwenyewe kwa sababu ile ya kamati ina mistari minane, na humo kazi yake ya miaka thelathini na miwili imepewa maneno manne, "alitumikia mahakama kwa uadilifu". Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni kaka wa mjane, ameniomba niwe mfupi. Ufupi nilizaliwa nao, kimo changu mnakiona, lakini leo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 7 Machi 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa mwisho wa mpakua mizigo na mfua nguo, akaanza shule Januari 1957 na kumaliza sekondari Novemba 1967, mimi nikiwa nimeshatolewa darasa la saba ili mmoja wetu asome hadi mwisho, jambo ambalo sikulisahau na yeye sikumruhusu alisahau. Mwaka 1969 alijifunza kuchapa kwa taipureta, na Jumatatu, tarehe 2 Agosti 1971, aliajiriwa mahakamani, chumba namba tisa, kile chenye dirisha lisilofunguka, na huko ndiko wenzake walikomwita Nukta, kwa kuwa alikuwa radhi kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne kurudisha karatasi iliyokosa nukta moja.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Septemba 1976, na wifi yangu huyu aliyekaa mbele, muuguzi, mwanamke mwenye subira ambayo mimi sina, wakajaliwa watoto watatu, fundi bomba, mkunga na mwalimu, wote wapo hapa, na wote walikatazwa tangu utoto kugusa sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha baba yao.

Sasa nafika pale kamati iliporuka. Mwaka 1983 ilifunguliwa mahakama maalumu ya watu walioshtakiwa kuihujumu dola, isiyokuwa na rufaa, na marehemu akapewa kazi ya kuchapa hukumu zake. Kwa hukumu za kifo aliagizwa atumie kaboni mpya, zile karatasi nyeusi zinazowekwa katikati ili nakala zote nne zitoke safi, kisha kaboni zichomwe siku hiyohiyo. Mdogo wangu hakuweza kuchoma karatasi iliyotumika mara moja tu, ubahili huo aliutoa kwa mama, basi akawa ananiletea mimi, nami nikawa nazitumia kuhamishia mchoro kwenye kitambaa, naweka kaboni juu ya kitambaa, juu yake mchoro, napitisha kigurudumu chenye meno, alama inatokea. Nilikata hivyo sare za shule na mashati ya harusi, na sikuwahi kujiuliza kaboni zile zilikuwa zimechapiwa nini.

Jumanne, tarehe 18 Oktoba 1983, nikiwa nimeshapitisha kigurudumu kwenye kola ya gauni, niliinua dirishani kaboni aliyoniachia mchana ule nione kama bado ina wino, nikasoma tarehe ya siku hiyohiyo, jina la mtu, kazi yake mpaka rangi wa nyumba, na chini yake kwamba mahakama, baada ya kuwasikiliza mashahidi wa pande zote mbili, imeridhika, na mshtakiwa atanyongwa hadi kufa. Jioni marehemu alipopita kunywa chai nilimuuliza mtu huyu alifanya nini. Akaweka kikombe chini. "Dada, hiyo kesi inasikilizwa kesho kutwa."

Nilimwambia amekosea kuchapa tarehe. Alinitazama kama nimemtukana. Alikuwa ameshampandia hakimu juu kumwambia kwa heshima kwamba hukumu imetangulia kesi, akajibiwa, "Karani, ukitaka kazi ya kufikiri, peleka maombi kwingine."

Alhamisi nilifunga cherehani, nikaenda, nikakaa benchi la mwisho. Mpaka rangi aliletwa akiwa na chokaa kwenye kucha, wakili aliyepewa na mahakama akamwuliza jina lake pale kizimbani, maana walikuwa hawajawahi kuonana, naye akasema, "Mheshimiwa, siku hiyo nilikuwa juu ya ngazi napaka dari ya shule, mwalimu mkuu yupo nje ya mlango, naomba aitwe." Akaambiwa akae. Hakuna aliyeitwa. Marehemu alikuwa mezani pake akitazama saa ya ukutani, na aliporudi chumba namba tisa aliandika kwenye daftari la shule, kwa mwandiko wake ule wa kujipanga, dakika kumi na moja. Mtu yule alinyongwa Ijumaa, tarehe 9 Desemba 1983, na mkewe alipokwenda kuomba mwili alipewa mfuko wa nguo na karatasi ya kutia sahihi.

Nilimwambia mdogo wangu aache kazi ile. Akasema, "Nikiacha mimi, atakaa pale mtu asiyetazama saa." Sikulipenda jibu hilo, na silipendi hadi leo, na sitasimama mbele ya jeneza lake kumpaka mafuta, hukumu zile zote alizichapa yeye, kwa vidole vyake, na nukta hakuacha hata moja. Lakini tangu siku ile hakuniletea tena kaboni, alizitia kwenye sanduku, na hadi mahakama ile ilipofungwa Juni 1995 daftari lilikuwa na watu mia moja na arobaini na mmoja, kila mmoja na jina lake, siku hukumu ilipochapwa, siku kesi iliposikilizwa, dakika zake, mashahidi waliokataliwa, na siku ya kunyongwa. Kesi ndefu kuliko zote ilichukua dakika thelathini na nane, kwa sababu umeme ulikatika.

Halafu akakaa kimya miaka mingine tisa. Nilichoka kumsema. "Unaandika ili asome nani," nilimwuliza, "mende?" Alistaafu tarehe 31 Machi 2004, na wiki iliyofuata ndipo alipochukua daftari, akavaa koti, akaanza kugonga milango ya familia za walionyongwa. Mama mmoja alimwuliza, "Kwa hiyo ni wewe uliyechapa?" akakubali, akamwagiwa maji ya kudekia, akarudi nyumbani ananuka, na wiki iliyofuata akaenda tena kwa mama yuleyule. Alikuwa akitafuta pia mahali walipozikwa. Pa watu hamsini na watatu alipapata, kuhusu waliobaki hakuna ofisi iliyomjibu, barua zake zote ninazo, zimegongwa mihuri ya kupokelewa kwa uzuri kabisa.

Marehemu alianza kuugua figo Februari 2021, akatibiwa kwa kulazwa na kutoka mara nne, na akafariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mjane akiwa amemshika mkono. Siku ya pili ya msiba walikuja vijana wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi wakitaka kumbukumbu za ofisi, na mwenyekiti wa kamati akaninong'oneza, "Dada, wape tuzike kwa usalama." Niliwaonyesha kaboni zangu za ushonaji zilizokuwa pembeni ya cherehani, wakabeba mfuko mzima, na kwa hesabu yangu hadi sasa wanaozisoma watakuwa wamefika kwenye mikono ya mashati na viuno vya sketi. Kaboni za sandukuni hazikuwa hapo, wala daftari. Mtoto wake mwalimu ameshalitolea nakala zaidi ya moja, katika nyumba zaidi ya moja, kwa hiyo atakayelitaka ili lipotee amechelewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotandika mikeka na kuazimisha sufuria, na wenzake wa chumba namba tisa, mliokuja na mliotuma udhuru, udhuru wenu nimeuelewa vizuri. Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi mia moja na arobaini na moja, kila familia ichukue ya mtu wake, na mwenye mtu ambaye hamo aje kwangu, nitaandika atakachosema. Na wewe binti wa mpaka rangi, uliyekaa safu ya tatu, miaka arobaini umeambiwa baba yako alisikilizwa. Kaboni yake ninayo hapa, ina matundu ya kigurudumu changu kwenye jina, hilo ni kosa langu na ninalisema mbele ya watu, lakini tarehe inasomeka, ishike dirishani, utaiona, ni Jumanne.

Mdogo wangu, umechapa vya kutosha, pumzika kwa amani. Wengine kaeni, ninaanza kuyasoma majina, na la kwanza ni la mpaka rangi, dakika kumi na moja.