Biblia Iliyotoka kwenye Tenga

Wazee wa kanisa na akina mama wakubwa, shikamooni. Wadogo zangu, shikamoo zenu nitazipokea nje, maana tukianza kuamkiana hapa jua litatuchwea. Nimepangiwa kusoma neno leo. Kabla sijasoma, nataka mjue Biblia hii ilikuwa wapi.

Mnanijua. Mimi ni yule anayeanguka. Kifafa kilinianza nikiwa darasa la kipaimara, na wengine wenu mmeshaniokota sokoni, Mungu awabariki. Lakini nilipata vidonge vya hospitali, vikanituliza. Nikaolewa, nikazaa, nikalima kabichi zangu huko Kwai kama mtu yeyote.

Basi akaja mtumishi mmoja. Jina silitaji, na msiniulize mkitoka. Alikodi ghala la mboga akaanzisha maombi. Mlangoni aliweka tenga, kama haya ya kubebea nyanya, na kila aingiaye aliiweka humo Biblia yake. Alisema sisi tukijisomea tutapotoka, kwamba ufunuo amepewa yeye peke yake. Nami nikaiweka ya kwangu, niliyopewa siku ya kipaimara. Kutoka hapo sikuiona tena.

Akanisomea habari za yule kijana katika Injili aliyekuwa akianguka motoni na majini. Akasema langu ni pepo, na vidonge ni ushahidi kwamba simwamini Mungu. Nikaviacha. Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka kuliko nilivyowahi kuanguka. Nikienda kumweleza, ananijibu, "Dada, kasoro ni imani yako." Nafunga, naomba, naanguka. Nilifika mahali nikamwogopa Mungu. Nilikuwa nikilia shambani peke yangu, nasema, kumbe hata Yeye hanitaki.

Siku moja nilikuwa nachochea makande jikoni. Nilipozinduka, mkono huu wa kushoto ulikuwa umeshaungua. Uoneni. Baba watoto ndiye aliyenivuta kutoka motoni.

Nikalazwa hospitali. Mchungaji wetu akaja kunitazama. Mimi nikageukia ukutani, nikajua sasa nitasemwa, kwa nini niliacha ibada, kwa nini nilimfuata yule. Hakunisema. Alivuta kigoda, akafungua Biblia yake pale pale kwenye habari za yule kijana, akaniwekea kitandani.

"Soma mwenyewe," akasema. "Halafu uniambie unaona nini."

Jamani! Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naona nini. Nikasoma polepole, mkono unaniuma. Nikafika kwa baba wa yule kijana. Kumbe baba mwenyewe anamwambia Yesu kwamba anaamini, ila asaidiwe pale asipoamini! Nikarudia kusoma. Nikamwambia mchungaji, "Huyu baba imani yake ilikuwa na kasoro, na akasema wazi. Mbona hakufukuzwa? Mbona mtoto aliponywa?"

"Umesoma sawasawa," akasema.

Nikalia, nikalia mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Nilipotulia nikamwambia, "Basi kuanzia leo sihitaji mtu wa kunifundisha!" Akacheka.

"Hapo sasa umeruka mistari, mama. Na yule wa ghalani alidhani hahitaji mtu. Wewe soma, na mimi nisome. Nikikosea niambie, ukikosea nitakuambia. Na vidonge umeze, maana humu sioni mahali alipoambiwa mtu asimeze."

Nikarudia vidonge. Baba watoto, mnamjua, si mtu wa maneno. Alienda ghalani watu wakiwa katikati ya maombi, akainama kwenye tenga, akapekua mpaka akaipata. Mtumishi akamwambia atapata laana. Akajibu, "Hii ni ya mke wangu," akatoka. Akaniletea kitandani, imekunjamana jalada, inanuka nyanya. Mpaka leo inanuka, njooni mnuse.

Baba watoto, nakushukuru mbele ya watu hawa, ingawa najua unaona haya. Mchungaji, asante kwa kunyamaza kwanza. Manesi wetu, na ninyi mlionilimia kabichi nikiwa nimelazwa, sina cha kuwalipa.

Nimejifunza hili. Mwalimu mpende, mchungaji mheshimu, lakini anayekutaka uiache Biblia yako mlangoni, muulize anaogopa uone nini. Na usisome peke yako chumbani ukadhani umemaliza. Someni mkiwa pamoja, mtu aweze kukwambia, hapo umeruka.

Sasa nasoma. Vidonge nimemeza asubuhi, lakini mwili ni mwili. Nikianguka hapa msikimbie, na msikemee kitu. Nilazeni ubavu, ondoeni benchi hili lisiniumize. Halafu mmoja wenu aichukue Biblia, aendelee pale nilipoishia.

Marko, sura ya tisa.