Dawa Isiyogawika

Mheshimiwa Mganga Mkuu, daktari wetu wa damu, wauguzi, ndugu wagonjwa pamoja na sisi tunaowauguza, na wewe Sista unayestaafu leo: nawasalimu nyote. Mimi ni fundi seremala, mume wa yule mama mwenye kitambaa cha kijani. Msimgeukie jamani, ataniua.

Mke wangu ana saratani ya damu, ile adimu inayokwenda polepole. Haiondoki. Inatulizwa kwa kidonge kila siku, maisha yake yote, na ukimwona utadhani mgonjwa ni mimi. Hapo ndipo balaa lilipo. Mtu anayejisikia mzima, utamtishaje?

Mwaka huu vipimo vyake vikaanza kupanda. Daktari, kwa haki kabisa, akaona dawa imegoma, akataka kumhamishia kwenye nyingine kali, inayosumbua moyo. Nyumbani usingizi ukatuhama. Kisha siku moja, kwenye mabenchi ya kliniki, msusi mmoja, mgonjwa mwenzake ambaye dawa zake zilikuwa zimekwama bohari, akanishika mkono: "Shemeji, Mungu ambariki mkeo. Bila vidonge vyake ningekuwa wapi?"

Lo! Kumbe mama watoto leo anameza, kesho anampa mwenzake!

Nikaingia kwa Sista nikifoka kama mwehu. Sista, unakumbuka ulivyoniambia? "Kaa chini, fundi. Kelele zako hazishushi vipimo." Ukawaita wote wawili, ukafunga mlango. Mke wangu akajitetea: "Sista, ningemtazamaje akiisha hivi hivi mbele yangu?" Hukumgombeza. Ukamwambia, "Una moyo mzuri, mama, lakini dawa hii haigawiki. Nusu yako haimtoshi yeye, na wewe inakuacha bila kinga. Mkiendelea hivi nitawazika wote wawili." Msusi akalia. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Siku hiyohiyo ulimweleza daktari, naye akakubali kusubiri. Kisha ukaenda kuganda bohari mpaka dawa za msusi zikatoka. Mheshimiwa Mganga Mkuu, nakuuliza kwa heshima zote: akiondoka huyu, nani ataganda pale?

Tangu hapo mke wangu hajaruka hata siku moja. Nasimama mbele yake mpaka ameze, ingawa ananiita askari jela. Lakini kama tulishachelewa, sijui. Damu yake ilichukuliwa juzi. Majibu yametoka, anayo daktari, naye amesema tuingie ofisini kwake sherehe ikiisha. Sista, najua umeshakabidhi ofisi, na kuanzia leo hakuna wa kukuamuru. Ila mke wangu amekataa kuingia bila wewe, na mimi, niseme ukweli, naogopa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ahsanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Keki itasubiri. Sista, tafadhali, mshike mkono, twende.