Majina Yaliyotoka Kwenye Moshi: Maisha ya Makarius Thadeo

Ndugu waombolezaji, kambi nzima ya mkonge na wageni mliokuja kwa treni kutoka Kidete, familia imeniomba mimi, Mathias, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya mtu mliyezoea kumwita Msoma Majina, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa yamo humu mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyajua.

Makarius Thadeo alizaliwa Kidete, kando ya mto Mkondoa, tarehe 4 Machi 1917, mtoto wa kwanza wa mzee Thadeo, fundi wa reli, na mama Costancia, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, mwandiko wake ukiwa mzuri hata padri akamwachia kuandika majina kwenye misalaba ya makaburini. Mwaka 1934 mama yake, akiwa katika kitanda cha mauti, aliushika mkono wa Vitalis, kitinda mimba wake wa miaka minane, akauweka katika mkono wa Makarius, akasema huyu sasa ni wako, na tangu siku hiyo marehemu hakula kabla Vitalis hajala.

Tarehe 1 Juni 1936 aliajiriwa katika shamba hili, nje kidogo ya Kilosa, kuwa karani wa vipande, zile kadi za siku za kazi, akiandika namba za manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali, na kwa kuwa wakubwa walimjua mtu kwa namba yake, akifa alizikwa nayo hiyo hiyo, jambo lililomuuma sana marehemu. Alifunga ndoa na dada yangu Letisia tarehe 8 Mei 1943, Mungu akawajalia watoto watatu, wawili akawachukua wangali wachanga, akabaki Domina.

Mwaka 1951 shamba lilileta mashine ya sinema, na marehemu, kwa kuwa alijua Kiingereza, akawekwa kutafsiri kwa kipaza sauti kila Jumamosi jua likizama. Zilizopendwa ni sinema za mizuka, na katika hizo yeye alichokipenda ni ule mwanzo tu, kabla mtu hajatokea, ukungu juu ya makaburi, fidla zikilia chini chini, majina yakichomoza moja moja, herufi zikitetemeka, yakikaa kidogo kisha yakiyeyuka kama chumvi, mwigizaji mkubwa akitangulia, jina la sinema likija kwa kishindo cha ngoma, na mkuu wa kazi nzima akiwa wa mwisho. Wafanyakazi walimuuliza hao ni marehemu gani wanaoitwa, akawaeleza kwamba ni watu hai, wapo Ulaya wanakula na kunywa, nao wakacheka, wakasema jina la mtu aliye hai haliyeyuki.

Basi badala ya kubishana nao, akawapa walichotaka. Aliandika kwenye vipande vya kioo majina ya manamba waliofia hapa, kwa herufi zile zile za kutetemeka, akifukiza makapi mabichi ya mkonge mbele ya shuka jeupe, akivimulika kwa taa ya mashine, kisha akiiziba kwa kiganja polepole ili jina liyeyuke, na watu wazima walilia kwa sauti kuona ndugu yao ana jina tena. Sidhani kama aliwahi kuwa na furaha kama ya miaka ile miwili.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Vitalis alikuwa fundi wa korona, mashine ya kuchana mkonge, iliyokwisha kumla kidole cha pete, kijana wa mzaha asiyejua kununa, akamwomba kaka yake naye amtoe kwenye moshi kama mwigizaji mkubwa, na Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba 1953 marehemu akamtoa, wa kwanza kabisa, akitegemea kicheko. Msomi wa watu alisahau kwamba ni yeye mwenyewe aliyeizoesha kambi hii kuamini kwamba jina likitoka pale, mwenyewe yuko kaburini.

Hakuna aliyecheka. Kesho yake wanawake walileta unga, wakaketi matanga mlangoni kwa Vitalis, naye yumo ndani anakunywa uji, kwenye korona hakuna aliyepokea kitu mkononi mwake, mchumba wake Hildegarda akarudishwa kwao, naye Vitalis akawaamkia wazee shikamoo, na marahaba hakuipata. Jumamosi iliyofuata marehemu alimsimamisha mbele ya shuka, taa ikimmulika, ili mumwone yu hai, lakini kivuli chake kikaanguka ndani ya moshi ule ule, mkatimua mbio hadi viatu vyenu vya katambuga vikabaki. Tarehe 2 Januari 1954 Vitalis aliondoka kwa miguu kuelekea Mikumi, bila kuaga.

Maji yakimwagika hayazoleki. Marehemu alivunja vioo vyote isipokuwa kile cha Vitalis, na kila mwisho wa mwezi alidandia lori hadi Mikumi, akipita kambi za wajenga barabara ya Iringa, akiuliza jina la mdogo wake, na kila mara aliambiwa hakuna mwenye jina hilo.

Hawakumdanganya, tuliomdanganya ni sisi. Agosti 1955 Oswald, dereva wa lori aliyewahi kufanya kazi hapa, alitueleza kwamba alishiriki kumzika mtu aliyekufa kwa homa huko Mikumi, akamtambua kwa pengo la kile kidole, mtu aliyeandikishwa kwa namba tu, kwani alipoulizwa jina alijibu kwamba hana, lilikwisha kusomwa. Letisia na mimi tulikubaliana kunyamaza, tukiogopa kumuua, tukamwacha miaka miwili na zaidi akimtafuta mtu aliye chini ya udongo. Naona aibu kuyasoma haya.

Novemba 1957 kifua kilimshika, akalazwa hospitali ya Kilosa, akafariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, saa nne asubuhi. Aliacha agizo moja, kwamba pale zinaposomwa habari za aliowaacha, jina la Vitalis litangulie, kwa sauti kubwa, mbele yenu, ili mjue yu hai.

Marehemu ameacha mjane, Letisia, na mtoto mmoja, Domina. Jina alilotaka litangulie nimeliandika, nikalikata, nikaliandika tena, na sasa nimesimama hapa siwezi kulisoma pamoja na ya walio hai, maana mlimlilia mtu akiwa hai, na leo mambo yamekuwa kama mlivyolia.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, makarani wenzake, na ninyi wa korona mliochimba kaburi. Kile kioo cha Vitalis tumekiweka kifuani pa marehemu.

Shemeji, usiende tena Mikumi. Pumzika.