Jina la Osukuku Mnarani

Wazee wetu, akina mama, na majirani mliovuka mpaka kuja kuzika pamoja nasi, marehemu Mzee Yona Oriokot alizaliwa Machi 1914 karibu na Malaba, mtoto wa pekee wa Mzee Osukuku na Mama Aluka, ambaye yuko nasi hapa, na hakupata kumjua baba yake, kwa sababu mwaka 1917 Osukuku alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Wajerumani, akafia huko.

Alisoma shule ya Amukura hadi darasa la nne, ambako wenzake walimwita mwana wa mpagazi, na jina hilo lilimkaa moyoni kuliko hesabu zote alizofundishwa. Mwaka 1932 alijifunza uashi mjini Busia, na maduka mengi mnamonunua sukari ni kazi ya mikono yake. Tarehe 8 Juni 1938 alifunga ndoa na Anjeline Akol, wakajaliwa watoto sita.

Mwaka 1964 kijiji kiliamua kujenga mnara wa watu wetu waliofia vitani, na marehemu ndiye aliyeuchora: nguzo ya mawe yenye majina, na juu yake askari wa saruji ameshika bunduki. Wanakamati, wengi wao askari waliorudi kutoka Bama katika vita vya pili, walisema wapagazi wasiandikwe, maana hawakupiga risasi hata moja, na marehemu, ambaye angeweza kukataa, alinyamaza, kwa kuwa aliona haya kusema mbele ya watu kwamba baba yake alikuwa hamali.

Tarehe 12 Desemba, siku ya kuufungua, kila mjane aliitwa kuweka mkono juu ya jina la mumewe. Mama Aluka hajui kusoma. Alimwuliza mwanawe jina liko wapi, naye akaushika mkono wa mama yake, akauweka juu ya jina la askari mmoja, Okwara.

Mwaka mzima Mama Aluka alikwenda pale kila Jumapili, akilipangusa jina lile kwa leso na kulisimulia habari za nyumbani, mpaka Mama Akiror, mjane wa Okwara, ambaye anajua kusoma, alipomkuta na kumweleza kwa upole kwamba lile ni jina la Okwara. Mama Aluka alirudi nyumbani akamwambia mwanawe, "Kumbe mimi nimekuwa nalilia bwana ya mtu," na hakukanyaga pale tena.

Aibu hiyo ilimla marehemu, na mwenyewe aliagiza isomwe mbele yenu bila kufichwa. Februari 1966 alileta mchanga kutoka bandari ya Sio Port, akamjenga mpagazi kando ya askari, mzigo kichwani, akimzidi askari kwa kimo, jambo ambalo kamati imelinunia hadi leo, kisha akachonga jina la Osukuku mahali pa wazi. Alimsihi mama yake aende aliguse, naye akakataa, akisema mkono wake ulishadanganywa mara moja, inatosha.

Mei 1967 alianza kuugua kifua, akalazwa, akarudishwa nyumbani, na alfajiri ya tarehe 3 Agosti akatutoka, akiwa bado anauliza kama mama amekwenda mnarani.

Leo asubuhi Mama Aluka aliomba kupelekwa mnarani, lakini hakutaka mtu yeyote wa nyumba hii amwonyeshe jina. Alimwita Mama Akiror, naye ndiye aliyeushika mkono wake na kuuweka juu ya jina la Osukuku, na Mama Aluka hakuuondoa mpaka tulipomwambia kaburi liko tayari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi nje siku hizi zote, na waashi wenzake waliolijenga kaburi lake bila kuombwa.

Oriokot, mwana wa mpagazi, mama amekwenda. Sasa pumzika kwa amani.