Sungura wa Kupeleka Ukweni

Lori la mfanyabiashara Vithaldas lilipoiacha Dodoma kuelekea Kongwa, Zaidi alikuwa amepakata kikapu chenye sungura wawili, aliowafuga mwenyewe, akawachinja na kuwachuna alfajiri ile. Alikuwa akiwapeleka ukweni, akamwombe mkewe arudi nyumbani.

Mzee Mbwana, mchinjaji aliyeketi kando yake, aliomba kuwaona. Wa kwanza alimsifu: nyama nyeupe, mafuta yamefunika figo. Wa pili alimgeuza polepole, akambonyeza paja.

"Mwanangu, huyu alikuwa mgonjwa?"

"Aliamka hataki kula, mzee. Nikamuwahi."

"Ulimuwahi kweli? Tazama mishipa ya ubavuni ilivyojaa damu. Aliyechinjwa akiwa hai hutoka damu vizuri."

"Alirusha miguu."

"Kabla ya kisu au baada?"

Zaidi alimrudisha sungura kikapuni. Bandani kulikuwa na giza, naye alikuwa akiliwahi lori.

"Baba mkwe huwaita sungura wangu panya," alisema mwishowe. "Nikimpelekea mmoja, atasema hata hao wamenishinda."

"Na ukimlisha kibudu, mnyama aliyejifia mwenyewe?"

"Huna hakika, mzee."

"Sina. Wala wewe huna."

Lori lilisimama Kongwa. Baba mkwe alikuwa amekuja mwenyewe barabarani. Zaidi alishuka, akamwamkia, "Shikamoo, baba." Mkwe aliitikia kwa upole ambao Zaidi hakuuzoea, akanyoosha mkono apokee kikapu.

Zaidi hakukiachia.