Punda Aliyekaa Kwenye Tisa

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, na ukikaa vibaya linayumba. Liko mbele ya saluni ya kinyozi, chini ya kibaraza cha bati, na kila alasiri hapo ndipo mambo ya dunia yanapoamuliwa, ingawa dunia yenyewe haijawahi kupewa taarifa. Wenye benchi ni wanne. Kinyozi anaitwa Wembe, kwa ulimi si kwa kazi, maana kwa kazi kuna sikio la mtu ambalo mpaka leo halijamsamehe. Spoku ni fundi baiskeli; hakuna jambo asilolijua ndani nje, isipokuwa baiskeli yako itakuwa tayari lini. Profesa alikuwa karani wa masijala miaka thelathini, methali anazijua zote, ila hajui zinatumika wapi. Wa nne ni Komandoo, kijana wa kifua na mabuti, aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, shule iliishiwa cha kumfundisha. Mama Kahawa mwenye birika hahesabiwi. Bila yeye hakuna kijiwe, kuna ukuta tu.

Alhamisi hiyo Komandoo alichelewa, akakuta kesi imeshafunguliwa. Profesa ana karatasi gotini. Spoku amesimama. Wembe ameshika mashine ya kunyolea, na ndani ya saluni mteja aliyenyolewa upande mmoja anasubiri hatima ya ule wa pili.

– Kaa hapo, Wembe alimwambia. Tunaandika barua.

– Kwa nani?

– Huko huko kwenu televisheni. Tunamshitaki punda.

Komandoo akakaa. Alikaa polepole mno kwa mtu mwenye mabuti.

Punda huyo kila mwenye mtoto anamjua. Jumamosi asubuhi kuna kipindi kinaitwa Njoo Tusimulie. Shangazi Kitabu, mama mmoja wa miwani, anasimulia hadithi, watoto walioalikwa studio wamemzunguka, halafu unakuja wimbo wa kuhesabu na punda anaingia kubebeshwa magunia. Si punda wa nyama. Ni kitambaa cha kijivu chenye watu wawili ndani, mmoja mbele, mmoja nyuma. “Moja mgongoni, twende punda! Mbili mgongoni, twende punda!” Hivyo hivyo mpaka kumi. Mwaka mzima hajawahi kukosea. Jumamosi iliyopita, kwenye tisa, punda akakaa. Nyuma iliporomoka puu, mbele ikabaki imesimama kama mtu asiyehusika.

Tangu siku hiyo watoto wa mtaa mzima wakihesabu, wakifika tisa wanakaa chini.

– Jana nimemtuma binti yangu mayai kumi, Wembe alisema. Anayahesabu pale dukani, moja, mbili, kufika tisa, chini! Katikati ya duka! Wateja wanamruka. Na wiki ijayo ana usaili wa darasa la kwanza, anatakiwa ahesabu mpaka ishirini. Ataanza saa ngapi kufika ishirini na yeye amekaa kwenye tisa?

– Msiba, Spoku alisema.

– Msiba gani? Ni zaidi ya msiba. Msiba una siku zake, unakwisha.

Sasa hapa kuna jambo kijiwe hakilijui, na wewe ukipita pale usilitamke. Kijiwe kinajua kwamba Komandoo ni mkuu wa ulinzi pale kituoni. Amewaambia hivyo tangu siku ya kwanza gari lilipokuja kumchukua alfajiri, na kila wiki alikuwa anajipandisha cheo kidogo, mpaka ikafika mahali msoma habari hawezi kukohoa bila ruhusa yake. Ukweli ni kwamba Komandoo ndiye miguu ya nyuma. Anainama nusu saa nzima, kashika mkanda wa mwenzake wa mbele, mzee mmoja mla vitunguu ambaye kila siku wimbo wake ni mmoja: “Usiniegemee, mzito wewe!” Anayejua siri hii ni mama yake tu, kwa sababu ndiye anayefua ile suruali ya kijivu yenye kwato.

Na Jumamosi ile hakukuwa na ajabu yoyote. Msuli wa mguu ulikaza. Basi. Lakini Jumatatu mkuu wa kipindi alimwita akamwambia, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha: “Mzazi mmoja akiandika barua ya malalamiko, tunaleta punda wa katuni. Wa katuni hakazi misuli.”

Na barua ndiyo hiyo, gotini kwa Profesa.

– Nimeanza hivi, Profesa alisema, akakohoa kiofisi. Kwa Mkurugenzi. Yah: Punda wenu aliyekaa. Sasa nataka sababu. Alikaa kwa nini? Barua bila sababu ni bahasha tu.

– Uvivu, Wembe alisema. Andika uvivu.

– Mtu kabeba magunia tisa! Komandoo alisema.

– Ya sponji!

– Sponji ikinywa jasho ni nzito, bwana wewe.

– Umejuaje?

– Yanapita getini kwangu. Nayakagua moja moja.

Profesa aliinua kalamu juu, na kijiwe kikajua methali inashuka.

– Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Haya. Huyu wa nyuma yuko kivulini kuanzia mwanzo wa kipindi mpaka mwisho. Maana yake nini? Anakula. Humo ndani muda wote anakula. Ameshiba, amekaa.

– Anakula nini humo, mzee wangu? Komandoo aliuliza. Harufu ya vitunguu?

– Hata vitunguu ni chakula, kijana.

Spoku alitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

– Nyote hamjui. Ile ni vita. Mtu ukae nyuma mwaka mzima, kila ukifumbua macho ni makalio ya mwenzako. Watu wanampigia makofi nani? Kichwa. Watoto wanambusu nani? Kichwa. Siku moja lazima uasi. Kale kalikuwa kajaribio ka mapinduzi, na kalishindwa.

Komandoo akanywa kahawa yake. Hilo la makalio lilikuwa na ukweli, na asingependa litoke kwa Spoku.

– Hapana, Wembe alisema, na sasa macho yake yalikuwa yanang’aa. Mnakubali tu kwamba mna watu humo. Nani kawaona? Mle mna punda. Punda halisi, amevalishwa punda! Kituo kimepunguza wafanyakazi kimya kimya.

– Punda halisi angeimbaje?

– Kwani anaimba? Anaimbiwa!

Kijiwe kikalipima hilo. Lilikuwa na uzito wake. Mama Kahawa akamimina raundi nyingine, birika likaanza kutoa mlio wa upungufu.

– Mimi sikutaka kulisema hili, Spoku alisema, akishusha sauti, na kila anapotamka hivyo ujue alikuwa anawashwa kulisema tangu asubuhi. Yule wa nyuma alikufa. Kwenye nane. Ile mliyoiona kwenye tisa si kukaa, ni mwili. Jumamosi hii watatia mwingine na hatutaambiwa kitu.

– Hakufa! Komandoo alifoka, hata benchi likayumba.

Wote wakamgeukia.

– Nasema hakufa. Maiti ingepita getini kwangu.

– Labda ilipita ndani ya punda, Spoku alisema, kwa upole wa mtu aliyeshinda.

Profesa aliona kahawa inakwenda na barua haiendi. Akaandika uvivu, akasoma kwa sauti: “Hivyo sisi wazazi tunaomba miguu ya nyuma iondolewe kazini mara moja, ya mbele ibaki.”

– Punda wa miguu miwili? Komandoo aliuliza.

– Kuku mbona anatembea?

– Na barua ataipeleka nani? Spoku aliuliza, ingawa alishamtazama wa kuipeleka.

– Si Komandoo! Wembe alimpiga bega. Mkuu wa ulinzi kabisa! Kesho unapita nayo moja kwa moja mpaka mezani kwa mkurugenzi, nani atakuzuia? Kaka, unamwokoa mwanangu.

Hapo Komandoo akapiga hesabu zake. Angewaambia haipeleki, wangeuliza kwa nini. Angeipeleka, Jumamosi asingekuwa na punda wa kuingia. Angeitupa njiani, binti wa Wembe angebaki amekaa kwenye tisa na lawama ingekuwa yake. Mwaka mzima alijisifu kwa kazi asiyokuwa nayo, na sasa kazi ile ya uongo ndiyo ilikuwa inamfukuza kwenye ile ya kweli.

– Imekosa sahihi ya mtaalamu, alisema, akitafuta muda.

– Kweli! Profesa alikubali. Asiyekuwapo na lake halipo, kwa hiyo aitwe.

Na mtaalamu akawa anapita. Mwalimu wa chekechea ya pale kona, mwezi wake wa kwanza mtaani, mkononi ana mfuko wa chaki na daftari. Wembe akamwita kwa heshima zote, akampisha benchini, akampa barua. Mwalimu akaisoma yote. Akatoa kalamu nyekundu, akaongeza nukta mahali.

– Darasani kwangu wanakaa wote thelathini na mmoja, alisema.

– Unaona! Wembe aliruka. Weka sahihi, mwalimu.

– Nitaweka. Ila mimi nyumbani sina televisheni, ndiyo maana nauliza. Kwenye kumi alifanya nini?

– Nani?

– Punda. Alikaa kwenye tisa. Kwenye kumi je?

Wembe akamtazama Spoku. Spoku alikuwa amesimuliwa na mteja. Profesa alisimuliwa na mjukuu, tena wakati anasoma gazeti. Televisheni ya saluni ipo, lakini Jumamosi asubuhi inaonyesha marudio ya mpira, na binti wa Wembe huenda kuangalia kwa jirani. Kesi nzima, na hakuna shahidi.

– Binti yako akikaa, mwalimu aliendelea, wewe unafanyaje?

– Namwambia inuka.

– Anainuka?

– Hainuki. Ananinyooshea mkono tu. Nadhani anataka pipi. Nampa pipi.

– Wa kwangu pia wananyoosha mkono, mwalimu alisema. Wote thelathini na mmoja. Sijui wanataka nini.

Mama Kahawa akaliinamisha birika, likatoa tone moja, likakoma.

Komandoo alijua. Alikuwa kule gizani, mguu umekuwa gogo, wa mbele anamnong’oneza “inuka, mzito wewe, inuka,” na nje wimbo umekatika. Halafu akasikia viatu vidogo vinakuja mbio. Vimikono vikaingia chini ya kitambaa, vingi, vya moto, vikamshika popote vilipopata, na kasauti kakasema, “Pole punda, kumi tunabeba wote.” Wakamnyanyua. Hajawahi kumwambia mtu, hata mama yake, kwamba maji yale usoni hayakuwa jasho tupu.

Akasimama, akatoka mpaka katikati ya barabara ya vumbi, mbele ya watu.

– Wembe, hesabu.

– Nihesabu nini?

– Hesabu tu, bwana.

Wembe akahesabu, kwa sauti ya mtu anayemhofia mwenzake. Moja, mbili, tatu. Komandoo alikuwa anatembea pale pale, amejikunja kiuno, mikono mbele imeshika mkanda usiokuwepo, na hatua zake zilikuwa safi, za mtu aliyezizoea. Saba. Nane. Tisa.

Akakaa. Puu, na mabuti yake. Akanyoosha mkono.

Mwenye baiskeli akapita, akamkwepa. Mteja wa nusu kichwa akatoka mlangoni na shuka shingoni. Wembe aliutazama mkono ule muda mrefu, kama anautambua kwa mtu mwingine, mdogo zaidi. Kisha akaiweka mashine benchini, akavuka, akaushika.

– Kumi, alisema taratibu, akavuta. Loo! Mzito wewe!

– Hata mwenzangu wa mbele husema hivyo hivyo, Komandoo alijibu, akijipangusa vumbi.

Hakuna aliyeuliza mbele ya nini. Profesa aliikunja barua mara nne, akainama, akaisokomeza pale kwenye tofali. Benchi likaacha kuyumba.