Miaka Ishirini na Sita Kizimbani Bila Kushtakiwa

Tarehe 30 ya mwezi huu, Mwalimu atarudisha ufunguo wa chumba chake na kustaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kutoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi za elimu, za ulinzi wa watoto na za wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Katika kipindi hicho amepanda kizimbani mara nyingi kuliko wezi wengi wazoefu. Jirani yake, aliyekuwa akimwona anafuatwa na gari la ofisi kupelekwa mahakamani wiki hadi wiki, siku moja alimvuta mumewe pembeni akamwuliza kwa huruma, "Shemeji, hivi kesi ya mama haiishi tu?" Mume alijibu kwamba haiishi, na kwamba nyumbani wameshazoea.

Wasomaji wapya wa jarida hili huenda hawajui tunachofanya, na hawako peke yao. Mzazi na shule wanapovutana kuhusu mtoto na jambo likafika mbele ya hakimu, upande mmoja hutuomba tumwone mtoto, tulione darasa, kisha tuandike ripoti. Ripoti zetu ni ndefu. Hakimu mmoja alituambia kwa upole kwamba aliisoma moja yote, "isipokuwa katikati."

Mwalimu hakuanzia huku. Alikuwa akifundisha darasa la kwanza, na hadi leo anaongea na mawakili kwa sauti ile ile, taratibu, huku akiangalia nani anachezea kalamu. Alijiunga nasi ofisi ikiwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na ripoti zetu zikifika mahakamani zikinuka vanishi. Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kuketi kwenye kiti cha mtoto mwenyewe darasani kabla ya kuandika chochote. Viti hivyo havikutengenezwa kwa watu wa umbo lake. Anasema hivyo mwenyewe, kabla hujamwahi. Kimoja kilimvunjikia mbele ya darasa zima, na watoto wakacheka mpaka mwalimu wao naye akatoka nje kucheka.

Ndiye pia aliyetufundisha kwamba shahidi mtaalamu si wa upande uliomleta, ni wa mahakama. Somo hilo sisi vijana tulilikariri chuoni na kulipatia alama za juu. Yeye alilipata kwa njia ngumu zaidi.

Ilikuwa kesi ya binti wa miaka tisa aliyelelewa na bibi yake, mshona nguo. Idara ya elimu ilitaka kumhamishia shule ya bweni ya watoto wanaodhaniwa hawawezi kujifunza pamoja na wenzao, mbali kiasi kwamba bibi angemwona wakati wa likizo tu. Bibi akakataa, wakafika mahakamani, na idara ikamleta Mwalimu. Alimpima mtoto ofisini kwetu, chini ya feni yetu iliyokuwa ikipiga kelele kama mashine ya kusaga. Chukua penseli nyekundu, iweke chini ya kitabu. Mtoto alichukua penseli, akabaki akimtazama. Mwalimu akaandika kwamba binti hawezi kufuata maelekezo mawili kwa pamoja. Ilikuwa ripoti nzuri, yenye majedwali. Tulimpongeza.

Asubuhi ya kesi umeme ulikatika. Feni za jengo zima zikasimama, watu wakaanza kujipepea na mafaili. Kwenye benchi la korido, bibi alimwinamia mjukuu wake na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama, chukua hiyo chupa, kamwage hayo maji, unijazie mengine bombani, halafu uifunge vizuri isije ikaniloweshea mkoba." Binti akainuka, akafanya yote, akarudi. Chupa ilikuwa imefungwa vizuri.

Mwalimu alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, ripoti yake kwapani. Alituambia baadaye kwamba alielewa papo hapo kuwa tatizo lilikuwa kelele. Ni kweli alikuwa ameketi kwenye kiti cha binti yule. Lakini tangu kile kingine kivunjike alikuwa akienda darasani wakati wa mapumziko, watoto wakiwa nje, asije akachekwa tena. Aliketi kwenye darasa tupu na lililo kimya. Hakusikia hata chembe ya makelele ambayo mtoto huyo aliketi ndani yake kila siku.

Umeme uliporudi, kesi ikaitwa. Wakili wa idara alimwomba athibitishe ripoti yake.

"Siithibitishi, Mheshimiwa. Nimekosea."

"Pengine shahidi anamaanisha sehemu ndogo tu?" wakili alisema, akimkazia macho.

"Namaanisha ukurasa niliokuwa najivunia kuliko yote."

Akaomba mtoto apimwe upya palepale, feni zikiwaka, kisha zikiwa zimezimwa. Hakimu alikubali. Feni zikiwaka, binti alishika penseli akabaki kuduwaa. Zilipozimwa, chumba kizima kikitokwa jasho na hakuna anayethubutu kukohoa, alifuata maelekezo mawili, kisha matatu, kisha akauliza kama yamekwisha. Hakimu aliamuru apelekwe kwa daktari wa masikio, na abaki shuleni kwake. Nje, bibi alimshika Mwalimu mkono na kumwuliza bila hasira yoyote, "Sasa mwanangu, kurasa zote zile ulikuwa umeandika nini?"

Idara haikutuita tena kwa muda mrefu, na mawakili walipata zawadi ya maisha. Kila Mwalimu alipopanda kizimbani, swali la kwanza lilikuwa, "Ni wewe uliyekosea ile kesi ya feni?" Naye hujibu, "Ni mimi, na si hiyo peke yake." Angeweza kuiacha kesi hiyo nje ya orodha ya kesi zake anayoiwasilisha mahakamani. Badala yake aliiweka ya kwanza. Tangu siku ile huketi darasani watoto wakiwemo, na wanaocheka anawaacha wacheke.

Mwandishi wa wasifu huu alipomletea ripoti yake ya kwanza, Mwalimu aliipigia mstari kila palipoandikwa "bila shaka". Ukurasa ulifanana na reli. Hakuandika maoni mengine. Jumanne ijayo tutaingia mahakamani bila yeye kwa mara ya kwanza, na hatuna uhakika wa lolote, jambo ambalo tunaamini litamfurahisha.

Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa, ukumbi wa chini. Yule binti, ambaye sasa yuko chuoni na anavaa vifaa vya kusikia, ametuma ujumbe kwamba atakuja pamoja na bibi yake. Ameomba jambo moja: muziki usianze mpaka amalize kusema alichokuja kumwambia Mwalimu.

Muziki utasubiri. Asante kwa yote, Mwalimu. Nenda ukapumzike, na maisha yakuendee vyema.